Nafasi Ubavuni mwa Baba

Mamangu hakuwahi kwenda matembezini maishani mwake mpaka alipozeeka, na serikali ikatengeneza bustani ya umma mahali tulipozika watu wetu. Kabla ya hapo alitoka kwenda shamba, kwenda kisimani, kwenda arusini na kwenda matangani. Kutoka ili kukaa tu, kutazama miti na kupigwa na upepo, aliona ni mambo ya wageni wa mahotelini na watu wasio na kazi. Halafu katika miaka yake ya mwisho akawa kila Ijumaa, akishasali adhuhuri, anavaa buibui, anachukua kikapu chake na kunihimiza nitie viatu upesi, kama kwamba bustani yenyewe itahamishwa tukichelewa.

Ni huku Likoni, upande wa Mtongwe, ardhi inapoanza kuteremkia maji ya bandari. Pana kijisitu kilichosalia baada ya vingine vyote kukatwa. Ndani yake kuna gofu la msikiti mdogo wa matumbawe, paa hakuna, kibla imebaki nusu. Kuna kisima kilichokauka, na kuna makaburi. Ukisimama penye gofu unaziona kreni za bandari ng'ambo zikiinua makontena mchana kutwa. Watu wanaokuja pale Jumapili hupenda kupiga picha hapo, mgongo kwenye msikiti wa kale na uso kwenye meli mpya.

Makaburi yetu hayaandikwi majina. Sisi wakulima wa kusini mwa bandari, watu wa minazi na mihogo, tumezoea kuweka jiwe la tumbawe kichwani na jingine miguuni, basi. Nani kalala wapi ni jambo la wenyewe kujua. Kaburi la juzi na kaburi la mababu wa mababu, mvua ikishalipiga jiwe misimu kadhaa, hayatofautiani. Tuliona hivyo ndivyo inavyopasa, maana maiti hatafuti sifa.

Ila kitu kisichoandikwa ni rahisi kuibiwa. Anayeishi huku hahitaji kuelezwa habari za ardhi. Watu wamezaliwa mahali, wamepanda minazi na kuizeekea, kisha siku moja anashuka mtu garini na hati mkononi, na hati ile ni ya zamani kuliko nyumba yako. Upande wa juu wa makaburi yetu ulimegwa hivyo hivyo. Tuliona vigingi vya wapimaji, halafu matofali, halafu nyumba za kupangisha. Choo cha shimo cha nyumba mojawapo kilichimbwa mahali ambapo ami yangu, mdogo wake baba, alimjua kwa jina aliyezikwa pale. Alikwenda kusema, akaambiwa alete ushahidi.

Ndipo watu wa serikali walipokuja na rai ya kupafanya pale mahali pa kuhifadhiwa, bustani ya miti na historia, yenye ua na askari. Ukoo ulikutana uwanjani kwetu. Wanaume walikaa mbele kwenye mikeka, sisi wanawake nyuma kwenye baraza. Kulikuwa na kusitasita kwingi, maana mtu aliyeumwa na nyoka hata kamba ikimgusa hushtuka. Mamangu, ambaye hakuwa na desturi ya kusema mbele ya mashemeji zake, alinyoosha shingo akasema: "Ipeni serikali. Afadhali baba yao alindwe na askari kuliko ajengewe choo juu yake."

Wanaume walicheka kicheko cha uchungu, wakakubali. Nami nilikubali moyoni, tena kwa furaha. Ni kosa ambalo wasingelifanya watu ambao hawajawahi kunyang'anywa ardhi. Sisi tuliogopa wezi tu. Hatukukaa tukafikiri mlinzi naye atataka nini.

Na bustani ilitoka nzuri, nisidanganye. Walitia ua wa waya, lango la chuma, njia ya changarawe, viti vya saruji chini ya miti, mabembea ya watoto karibu na kisima. Miti haikuguswa. Mikwaju ilibaki, mibambakofi ilibaki, tumbili walibaki na utundu wao wa kufungua vikapu vya watu. Asubuhi utawasikia tetere, na hondohondo huja wakati wake na kelele zake kama mtu anayekoroma. Watu waliokaa vyumba vya kupanga Changamwe na Port Reitz, wasioona jani bichi wiki nzima, walianza kuvuka feri na watoto wao Jumapili, na viazi karai, na mikeka. Mji wetu huu una kuta nyingi na mahali pachache pa kukaa bure. Niliipenda bustani ile, na ninaipenda hata sasa ninapoichukia.

Lakini zawadi yake kubwa kwetu ilikuwa nyingine, na hakuna aliyeikusudia. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Baba alipofariki alitolewa kwa mlango wa mbele, na sisi tukabaki ndani tukisikiliza sauti za wanaume zikiyoyoma njiani. Mama akakaa eda. Akatoka eda, maisha yakaendelea, na mahali alipolala mume wake hakuwahi kupaona kwa macho. Kila Idi, kakangu akirudi kuzuru, mama humuuliza kama majani yamefyekwa. Kakangu hujibu yamefyekwa, mama. Hakuna zaidi. Miaka ikapita juu ya majibu yale.

Sasa nani awezaye kumkataza mwanamke kwenda bustani ya umma? Lango liko wazi kwa kila mtu. Ijumaa ya kwanza kakangu alitupeleka, akatuonyesha, akaondoka haraka kama mtu aliyeshiriki wizi. Mama alisimama mbele ya mawe mawili yasiyo na jina, akamsalimu baba kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akakaa kwenye kiti cha saruji, akatoa vitumbua akala, kwa kuwa tulisema nyumbani tunakwenda kubarizi. Alikuwa ametafuna kimoja na nusu aliponigeukia.

"Kumbe yuko karibu na mkwaju," alisema. "Miaka yote nalikuwa nikimfikiri juani."

Habari zilimfikia ami. Akaja nyumbani amekunja uso kumwambia mama kwamba mambo hayo si ya heshima. Mama alimtilia kahawa, akamwambia amekwenda kuwatazama tumbili, na kama serikali imeweka tumbili karibu na mumewe, hiyo si hatia yake. Ami alikunywa kahawa yake akaenda zake. Tangu siku ile hakuna aliyetuuliza kitu.

Ubavuni mwa baba, upande wa mkwaju, palikuwa na nafasi tupu ya kumtosha mtu mmoja. Wachimbaji waliiacha makusudi, kwa ajili ya mama, kama ilivyo ada kwetu kwa mume na mke waliosikizana. Alijua habari zake tangu zamani, ila sasa aliiona. Akaanza kuing'oa magugu kila Ijumaa kama mtu anayefagia chumba atakachohamia. Mimi nilikaa kitini nikitazama meli. Sikupenda kumwona akifanya hivyo, na yeye alijua sipendi, akawa hufanya taratibu zaidi.

Ijumaa moja kikapu kilikuwa kizito kupita kiasi. Nilidhani ametia nazi za mtu. Tulipofika aliinua chupa ya chai, akatoa mawe mawili ya matumbawe aliyoyang'oa kwenye ukuta wa zamani ulioanguka nyuma ya nyumba yetu. Akachimba kwa kijiko, akasimamisha jiwe moja kichwani na jingine miguuni, sawa na makaburi mengine. Nikacheka, nikamuuliza kama nimletee na mto. Akaniambia nicheke tu. Arusini, alisema, mwanamke mwenye akili hutandika kanga mkekani kuweka nafasi yake kabla hajaenda jikoni kusaidia. Kanga yaweza kuinuliwa na mtu mwenye kiburi, lakini jiwe la kaburi hakuna atakayeligusa.

"Pangu pasije pakakaliwa," alisema, akapangusa mikono.

Katika hilo la kutoguswa hakukosea hata kidogo.

Baadaye walikuja watu wa ofisi inayosimamia bustani, vijana wenye kofia pana na kamba za kupimia. Walipita kaburi kwa kaburi, wakalipaka kila jiwe la kichwani kipande cha rangi nyeupe na kuandika nambari nyeusi juu yake. Sisi tulifika siku mbili tatu baada yao. Baba alikuwa na nambari. Na jiwe la mama, lile la ukutani kwetu, nalo lilikuwa na nambari, inayofuata ya baba.

Nilisimama niende langoni nikawaambie. Mama alinishika mkono. Uso wake ulikuwa umekunjuka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku za baba. Aliniambia niwaache, wamempa nambari, sasa mahali pake panajulikana hata Nairobi. Yeye na watu wake wote, tangu walipojulikana kuwa watu, hawakuwahi kumiliki kipande cha ardhi chenye alama ya serikali. Hiki kilikuwa cha kwanza. Aliwasimulia majirani, akamsimulia ami, akawasimulia hata wanawake waliokuja kununua kwake ukili wa kushonea mikeka. Nikaona si vibaya. Nikakaa kitini, nikamimina chai.

Kisukari kilimla taratibu, kikaanzia mguuni. Mara ya mwisho kwenda bustanini tulipanda tuktuk, na askari wa zamu, kijana wa bara aliyemzoea, alituachia tuktuk iingie hadi kwenye kiti. Mama hakuweza kuinama tena, kwa hiyo magugu niliyang'oa mimi huku yeye akinielekeza kwa fimbo. Alinikumbusha kwamba akifa nisiruhusu zogo wala safari ndefu. Alisema safari yake ni fupi, ni kuteremka tu. Nilimwitikia abee, nikaendelea kung'oa.

Alifariki nyumbani Jumamosi moja, baada ya alfajiri. Wanaume wakachukua majembe wakateremka. Sisi wanawake tukamwosha, mimi na shangazi yangu na jirani mmoja. Ule mguu wake mbaya niliuosha mimi peke yangu, sikutaka mtu mwingine aguse. Tukamtia karafuu maiti, tukamkafini. Nilikuwa na huzuni, lakini ilikuwa huzuni iliyotulia, kwa sababu nilijua anakokwenda. Napajua kivuli chake, najua kelele za ndege wake, najua atakayekuwa naye. Si kila anayefiwa hupata hayo.

Kisha nikasikia wanaume wamerudi, mapema mno. Kakangu alisimama mlangoni mwa chumba bila kuingia. Niliitazama mikono yake. Haikuwa na udongo.

Alinieleza akiwa bado amesimama. Walizuiliwa langoni kwa sababu ya majembe, na askari hakuwa yule tuliyemzoea. Ofisa akaitwa. Kakangu alisema laiti ofisa yule angalikuwa mtu wa matusi, ingekuwa rahisi, lakini aliwapa mkono wa pole mmoja mmoja. Akawaeleza kwamba tangu mahali pale palipotangazwa kuwa pa kuhifadhiwa, hazikwi mtu tena. Imeandikwa kwenye bao la langoni. Lile bao tulilipita kila Ijumaa. Mimi mwenyewe nilimsomea mama siku ya kwanza kwamba ni marufuku kukata matawi, kuwasha moto na kulisha tumbili, akacheka hapo kwenye tumbili, tukaingia bila kusoma mpaka chini.

Kakangu aliomba. Alisema kuna nafasi tayari, ni ya mamake, yeye mwenyewe ndiye aliyeweka mawe. Ofisa akakubali kwenda naye mpaka pale. Akainama, akaisoma nambari, akainuka akasema maneno ambayo kakangu aliyarudia kwangu neno kwa neno, na sitayasahau:

"Hili ni kaburi la kale, ndugu yangu. Siwezi kuruhusu afukuliwe mtu ili azikwe mwingine."

Kakangu akaapa wallahi pale chini hamna mtu. Akasema na wachimbe wajionee. Ofisa akamjibu kwamba kuchimba kwahitaji wataalamu na ruhusa, na ruhusa huchukua muda. Halafu akaeleza, kwa upole ule ule, kwamba wamekwisha kuletewa maiti na watu waliotaka kujipatia ardhi ya bustani kwa njia ya makaburi, na kila mmoja wao aliapa. Yeye aliwaogopa wale wale tuliowaogopa sisi. Ua ule uliwekwa kuwazuia wao, na siku ile ulikuwa ukifanya kazi yake.

Ami alikuwa uwanjani. Nilimsikia akisema maiti hangoji ofisi, na ardhi yote ni ya Mungu. Kakangu akafanya jambo ambalo si ada yetu, akaniuliza mimi, mwanamke, nina rai gani. Nikasema tumlaze hapa, Jumatatu twende ofisini mjini, tuwashike miguu. Nilisema kwa ukali hata shangazi akaniwekea mkono begani. Kakangu aliutazama ule mwili mweupe kitandani.

"Mama keshakafiniwa," akasema pole pole.

Kumweka maiti aliyekwisha kukafiniwa, katika joto lile, kwa sababu ya ugomvi wa nafasi, ni kumdhalilisha, na mimi nilijua hivyo kama yeye. Wakamchukua baada ya alasiri. Alitolewa kwa mlango wa mbele kama baba. Nilizisikiliza sauti zikiondoka, na mahali ambapo zilipasa kuteremka kulia, zilipinda kushoto, zikapanda kuelekea barabara kuu, kwenye makaburi ya umma.

Kule hakuna mkwaju. Nimeambiwa hivyo, sijapaona. Kuna ukuta mrefu wa mawe na mlango mmoja, na ndani watu wamezikwa karibu karibu mpaka mchimbaji hugonga ubao wa kaburi la jirani. Mama alilazwa kati ya watu wawili tusiowajua, labda mmoja mwanamume. Nilimwomba kakangu anieleze. Akasema ni karibu na ukuta, udongo ni mwekundu, wamemwekea mawe yake mawili. Masika yalipopita nilimuuliza tena. Safari moja alinichukua hadi nje ya ule mlango, tukasimama kando ya barabara malori yakitupita, akanyoosha kidole ndani ili anionyeshe. Kidole kikaenda huku, kikaenda kule, kisha akashusha mkono. Wamezikwa wengine wengi tangu hapo, akasema. Mawe yamesogea.

Kwa hiyo ninakwenda bustanini. Kule juu mimi ni mwanamke makaburini, nitaambiwa nirudi nyumbani nikamwombee huko. Huku chini ni raia anayepunga upepo. Kila Ijumaa nakaa kwenye kiti kile kile cha saruji, namsalimu baba, nang'oa magugu ubavuni pake, mahali patupu penye nambari. Mara nyingi nimefikiri kumwendea ofisa na kumlazimisha akubali kwamba pale hamna kitu. Kisha naona atakavyofanya akikubali. Atayang'oa mawe, ataweka pipa la taka au bembea, na mama atakuwa hana mahali popote. Basi nanyamaza, na hasira zangu nazinywa na chai.

Majuzi walikuja watoto wa shule, sare za buluu, na kijana wa kutembeza wageni mbele yao. Aliwaonyesha kibla, akawaonyesha kisima, akawaleta kwenye makaburi. Alisema hapa wamelala watu wa kale, wenyeji wa kwanza wa mahali hapa. Akasimama mbele ya baba. Huyu, akasema, twaamini alikuwa mtu mkubwa, pengine mwenye msikiti ule. Baba alikuwa mkulima wa mihogo aliyeshindwa kulipia hata bati la jikoni. Kisha kijana akanyoosha mkono kwenye jiwe la ukutani kwetu na kusema huyu ubavuni mwake ni mkewe. Hawakutengana duniani, na hawakutengana kaburini.

Msichana mmoja akauliza kama mke yule ana watu wa kumzuru. Kijana akaangalia huku na huku, akaniona, na kwa kuwa hunikuta pale mara kwa mara na magugu mkononi, akawaambia labda wamuulize bibi huyu. Macho yote yakanigeukia. Ningeweza kuliangusha neno lote palepale.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mamangu."

Kijana alifikiri nafanya mzaha, akacheka kidogo, akaona sicheki. Akawaambia watoto tutoe salamu kwa adabu kabla hatujaondoka. Wakaunga mikono mbele, wakaligeukia lile jiwe lenye nambari, wakasema kwa pamoja, kwa zile sauti zao za darasani, asalaam alaykum, bibi.

Waalaykum salaam, nikaitikia mimi, maana mle ndani hamna mtu wa kuitikia.